Tupeane uzoefu: mtoto anayesusa chakula, na haya mambo ya vitamini

Mama Tatu
Habari zenu wazazi wenzangu. Wangu ana miaka miwili na miezi kadhaa. Kipindi anaanza kula alikuwa anameza kila unachomwekea, hata ini. Sasa hivi ni wali mweupe, ndizi, biskuti na maziwa, basi. Mchuzi ukigusa wali, sahani nzima inasukumwa. Jana kachambua majani ya kijani kwenye kimanda kwa ukucha, kimoja kimoja, akayapanga ukingoni mwa meza kama mpelelezi anayekusanya ushahidi. Uzito wake uko sawa, anacheza vizuri. Ila kila ninayemwambia ananitajia chupa ya multivitamini, na kila mmoja ana yake. Mliopita huku njooni mseme. Nataka yaliyowakuta nyinyi, ya matangazo nimeshayasikia.

Baba Mapacha
Pole sana dada. Wangu wote wawili walisusa, mmoja kuzidi mwenzake. Kilichotutuliza ni maelezo ya daktari: mtoto akifikisha mwaka uzito wa kuzaliwa unakuwa umezidishwa mara tatu hivi, halafu mwaka wa pili mzima anaongeza kilo mbili na ushee tu. Kasi ya kukua imeshuka, njaa nayo imeshuka, lakini sisi tunaendelea kupakua sahani ya kijana wa shule. Tukaelekezwa tuanze na kijiko kimoja cha chakula kwa kila mwaka wa umri, kwa kila aina. Miaka miwili, vijiko viwili vya wali, viwili vya maharagwe, viwili vya mboga. Akitaka zaidi anaongezwa. Vurugu mezani zikapungua sana.

Bibi Nyumbani
Mwanangu, huyo anashiba maziwa. Niulize mimi. Mjukuu wangu alikuwa anazunguka na chupa ya maziwa kutwa, nono, shavu limejaa, kila mgeni anasema mtoto ana afya. Mimi nikaona viganja vimepauka. Kisha akaanza kula udongo. Kupimwa damu, kumbe iko chini, madini ya chuma yameisha. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo mno, na kalsiamu yake inazuia hata kile cha kwenye chakula kisinyonywe vizuri. Tukaambiwa yasizidi nusu lita kwa siku, kwenye kikombe, tena baada ya chakula. Siku za mwanzo zilikuwa za kilio mpaka jirani akaja kuchungulia. Baadaye njaa ikamleta mezani mwenyewe.

Akaandikiwa na matone ya chuma. Hayo yanatia meno weusi, kwa hiyo tulikuwa tunayapeleka ndani ya shavu kwa bomba dogo la dawa, halafu anakunywa maji. Choo nacho kinageuka cheusi, msishtuke. Na damu ilipopanda hatukuambiwa tuache papo hapo, aliendelea nayo miezi mingine ili akiba mwilini ijae.

Mama Tatu
Shikamoo bibi. Umenishtua. Huyu anakunywa vikombe vikubwa asubuhi, mchana na jioni, na chupa ya usiku juu. Hapa kwetu hakuna anayehesabu maziwa.

Bibi Nyumbani
Marahaba. Anza kuhesabu leo. Na mkampime damu.

Mjomba Kimya
Sisi tulipewa dawa ya kuongeza hamu ya kula. Alikula kweli, na alilala kweli, mchana kweupe. Chupa ilipoisha na hamu ikaisha. Baadaye daktari mwingine akatufafanulia kwamba ile ni dawa ya mzio, njaa na usingizi ni athari zake tu. Hatukurudia.

Muuguzi wa Watoto
Kabla hujanunua multivitamini, angalia mtoto anakataa kundi gani la chakula. Asiyetaka mboga za majani lakini anakula karoti, embe, papai na chungwa, vitamini A na C anazipata. Mboga ziendelee kuonekana mezani bila vita. Anayekataa nyama, samaki, mayai na maziwa kwa pamoja huyo ndiye wa kufuatiliwa, maana vitamini B12 huipati kwenye mimea. Vitamini D iko kwenye vyakula vichache, nyingi ngozi inaitengeneza kwa jua. Mtoto anayeshinda ndani, au anayeishi kwenye baridi kali, madaktari wengi humpa uniti 400 hadi 600 kwa siku.

Chuma ndicho wengi wanachokikosa. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji karibu miligramu 7 kwa siku, na zile multivitamini za kutafuna zilizo kama jeli nyingi hazina chuma kabisa. Geuza chupa usome. Kwenye chakula, cha nyama, ini na samaki kinanyonywa vizuri. Cha maharagwe na dengu kinahitaji msaada wa vitamini C, weka chungwa au nyanya hapo hapo. Chai wakati wa kula inakizuia.

Halafu vitamini A ikizidi inakaa kwenye ini na inadhuru. Kama mtoto anapewa matone yake kliniki kila baada ya miezi sita, mtaje hilo kabla ya kuongeza chupa nyingine. Ini lenyewe mara moja kwa wiki linamtosha. Na chupa zote zifungiwe juu: vidonge vya chuma vimeshaua watoto waliodhani ni peremende.

Mama Wanne
Wa tatu wangu hakula maharagwe muda mrefu sana. Nilikuwa naweka punje chache pembeni, simsemeshi. Mara anazigusa. Mara analamba moja na kuitema mkononi mwangu. Siku moja akazila, tena siyo zake, alizichota sahani ya baba yake. Watafiti wanasema chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonjwa mara 8 hadi 15 ndipo mtoto akikubali, na wengi tunakiondoa mapema mno. "Kula hii nikupe biskuti" niliifuta kabisa, inamfundisha kwamba biskuti ndiyo tamu na mboga ni adhabu.

Baba Mapacha
Mimi nasaga mchicha kwenye mchuzi wa nyanya. Hawajui hadi leo.

Mama Wanne
Wa kwangu alijua. Akasusa mchicha na mchuzi pia. Saga, sawa, lakini na majani yenyewe ayaone.

Muuguzi wa Watoto
Nimesahau: choo kigumu kinaua hamu ya kula, nacho maziwa mengi huchangia. Na mleteni haraka akianza kushuka kwenye mstari wa kadi ya kliniki, akipaliwa kila akila vigumu, au orodha ya anavyokula ikizidi kufupika.

Mama Tatu
Damu tunaenda kupima wiki hii. Bibi, hii chupa ya usiku naitoaje?

Bibi Nyumbani
Punguza kidogo kidogo kila usiku hadi ibaki ya maji tu. Mswaki apigwe kabla ya kulala, maziwa ya usiku yanaoza meno. Atalia, mbembeleze, ila usinyanyuke kwenda jikoni.

Mama Tatu
Mimi sinyanyuki bibi. Anayenyanyuka ni baba yake.