Waandishi wafundishwe tabianchi, sawa, lakini wafundishiwe wapi na nani alipe?

Mwanzisha mada, Mbale
Jamani naomba tujadili hili kwa uzito. Semina za kufundisha waandishi wa habari mambo ya mabadiliko ya tabianchi zipo, ila nyingi ziko Kampala, hotelini, kwa Kiingereza, siku mbili tatu mtu anapewa cheti anarudi. Ripota anayesikilizwa huku mlimani ni yule wa redio anayetangaza kwa Lumasaba na huyo haitwi kabisa.

Angalieni vile maporomoko ya udongo ya mlima Elgon yanavyoripotiwa. Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi kilifunikwa na udongo, zahanati pamoja na watu. Oktoba 2018 ikawa Bukalasi. Novemba 2024 Bulambuli. Ukisikiliza habari za siku zile zote ni kama moja, wamekufa wangapi, waziri amefika, blanketi zimegawiwa, imeisha. Nani aliuliza nyufa za pale juu zilionekana lini? Nani alirudi baada ya miezi 6 kuuliza walioahidiwa kuhamishwa wako wapi?

Kasese
Kaka hapo nakupinga kidogo. Nimefanya redio miaka 9, nalipwa kwa stori, na pesa ya stori moja haikutosha boda ya kupanda Kilembe na kushuka. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020 ukavunja hospitali ya Kilembe nilienda kwa miguu, nikarudi na sauti za watu dakika 20, mhariri akataka sekunde 40. Sasa hata ukinifundisha mwaka mzima hiyo elimu nitaiingiza wapi? Anza na wahariri na wenye redio.

Jinja
Mimi naogopa kitu kingine. Mkishawazoesha waandishi kusema kila janga ni tabianchi, viongozi watajificha hapo hapo. Mei 2020 ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita rekodi ya 1964 ya 13.41, na kweli mvua ilikuwa nyingi mno. Lakini kuna mita 200 za ufukwe ambazo kanuni zinalinda na watu wamejenga humo. Nani aliwaruhusu? Hilo swali mvua haiwezi kulijibu.

Mwanzisha mada, Mbale
Dada wa Jinja, umegusa penyewe! Aliyefundishwa vizuri ndiye anayeweza kutenganisha: mvua ni jambo moja, mteremko uliokatwa miti ni jingine, mtu kukosa pa kuhamia ni la tatu, na yote matatu yanaua kwa pamoja.

Chukua utabiri wa msimu wa Machi mpaka Mei. Wataalamu wa hali ya hewa wanagawa uwezekano mafungu matatu, mvua juu ya kawaida, ya kawaida, na chini ya kawaida. Wakisema juu ya kawaida ni 45 kwa 100, yale mafungu mengine mawili bado yana 55. Redioni inatoka "mvua kubwa inakuja". Mama anapanda maharage yote aliyokuwa nayo, Aprili mvua inakata, na msimu unaofuata hata onyo la kweli hasikilizi tena. Wataalamu hawakudanganya, neno limeharibikia njiani, redioni. Hii inaniuma sana.

Moroto
Huku kwetu mtangazaji anaongea Ngakarimojong vizuri tu halafu akifika kwa tabianchi anatupa lile neno la Kizungu, wazee wanatazamana. Na hao wazee miaka ya njaa wameipa majina, wanajua ipi ilifuata ipi na ng'ombe walihamia wapi. Mafunzo yangeanzia kwa hayo majina.

Kampala
Hamjagusa pesa. Bomba la mafuta kutoka Hoima mpaka Tanga, kilomita 1,443, lina wanaolitaka na wanaolipinga. Ripota aliyelipiwa nauli, chumba na chakula na upande mmoja atauliza upande huo swali gani? Nataka mafunzo yawe chuoni, ndani ya kozi ya kila mwanafunzi wa uandishi, isomwe na ile Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021 ambayo inamruhusu raia kwenda Mahakama Kuu. Ripota asiyeijua hawezi kumwambia msikilizaji wake.

Kasese
Chuo ni sawa, lakini walio redioni leo wengi hawatarudi chuoni. Mimi nasema pesa ya hoteli ya siku tatu iwe boda ya kurudi kijiji kile kile mara tatu ndani ya mwaka.

Mwanzisha mada, Mbale
Hapo kaka tumekutana. Mimi si mwandishi, nauza simenti tu, lakini njia za Bulambuli nazijua na wenye mashamba kule juu nawajua, nyufa wanaziona wao kabla ya mtu yeyote. Ripota wa redio yoyote anayetaka kupanda kabla mvua za Machi hazijaanza aandike hapa, nauli ya kwenda na kurudi nitatoa.