Notisi za meno ya reptilia zinazouzwa maskuli: nani anazikagua?

Assalaam alaykum wanajukwaa. Hizi notisi za baiolojia za kidato cha sita zinazotolewa fotokopi na kuuzwa nje ya skuli, Unguja mpaka Chake, nani anazipitia? Ukurasa wa meno umeandikwa hivi: jino lililogandana na taya ni "daraja la chini", la kwenye tundu ni "daraja la juu". Basi! Watoto wanakaririshwa ngazi ambayo haipo.

Wamechanganya jino limekaa wapi na limeshikwa na nini. Mosasauri, wale reptilia wakubwa wa baharini waliotoweka, meno yao yalikuwa ndani ya matundu na bado yameganda na mfupa. Huyo mtamweka daraja gani?

Suala ni muda. Tishu ni tatu: simenti ya mzizi (tabaka gumu linalofunika mzizi), ligamenti (nyuzi laini zinazofunga jino na taya), na mfupa wa tundu. Ligamenti inaanza kulishika jino, kisha mfupa unakua kuufuata mzizi na ligamenti inajaa madini na kuwa ngumu. Hatua hiyo ikiwahi, jino linaganda mapema. Isipofika, jino linabaki kuning'inia kwenye ligamenti, kama la mamba. Silesauri, jamaa wa karibu wa dinosauri, wako katikati: meno yao yalishikwa na ligamenti kwanza, kuganda kukaja kwa kuchelewa. Na mmoja wa ukoo huo ni Asilisaurus kongwe, aliyechimbwa kusini mwa Tanzania na kupewa jina mwaka 2010. Jina lina Kiswahili ndani yake, na notisi hazimtaji hata kwa mstari mmoja!

Halafu eti dinosauri wote walibadilisha meno "kila mwaka". Nani kawaambia? Dentini, tishu ngumu ya ndani ya jino, huongeza mstari mmoja kwa siku. Unalipasua jino kwa urefu, katikati hasa, unalisaga mpaka mwanga upenye, unahesabu mistari ya jino linalotumika, unatoa mistari ya jino changa linalolifuata. Tofauti ndiyo siku za kubadilisha: Diplodocus kama 35, Camarasaurus 62, Tyrannosaurus 777. Ukikata kwa pembeni, mistari ya mwanzo inakosekana na hesabu inapungua.

Hata reptilia wa hapa hapa kwetu wamewashinda waandishi wa notisi: meno ya kinyonga yameganda ukingoni mwa taya na hayabadilishwi, ya mjusi kafiri yanabadilishwa maisha yote. Wote mijusi!

Anayeuza aondoe ukurasa huo, na waliokwisha nunua wapewe karatasi ya masahihisho bila ya malipo, kabla ya mtihani.