Hispania mwaka 2027: tufuate sherehe au tufuate hali ya hewa?

Mzabibu_Mpunguzi:

Mbukwenyi ndugu zangu. Mimi na mama watoto tunakusudia kwenda Hispania mwaka 2027 kwa majuma mawili, tukianzia Madrid ambako binti yetu mkubwa yuko masomoni, na tungependa safari hiyo iangukie kwenye sherehe moja au mbili kubwa za kule badala ya kuzunguka kupiga picha majengo tu. Nimesoma habari za vita ya nyanya ya Buñol, mbio za fahali za Pamplona na maandamano ya Juma Kuu huko Sevilla, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa, kwa kuwa kila sherehe ina msimu wake na kila mji una hali yake ya hewa.

Mambo mawili yananibana. La kwanza ni shamba. Nina ekari mbili za zabibu hapa Mpunguzi, na kama mnavyojua sisi huvuna mara mbili, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, nami sipendi kumwachia mtu mwingine mavuno, maana zabibu ikishaiva haimsubiri mwenye shamba arudi. La pili ni afya ya mama watoto, ambaye ana shinikizo la damu na daktari amemwonya kuhusu joto kali. Mimi nilikuwa naona Julai ingefaa, shamba likiwa bado, tena joto tumelizoea hapa Dodoma, lakini binti anacheka kila nikisema hivyo. Naomba ushauri wa waliofika.

Mama_Area_C:

Kaka, binti yako ana haki ya kucheka. Nimeishi Sevilla miaka mitatu, na niliondoka hapa nikiwa na kiburi hichohicho cha kusema kwamba jua nalijua. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hata Novemba, mwezi wetu wa joto, mchana haupiti sana nyuzi 31, kisha jioni upepo unakuja na usiku unajifunika shuka. Sevilla mwezi Julai wastani wa joto la mchana ni nyuzi 36, siku za 40 na zaidi hazimshangazi mtu, na usiku unalala kifudifudi kwenye sakafu ya vigae ukingojea ubaridi usiofika hadi alfajiri. Wenyeji wenyewe hushusha mapazia ya mbao mchana kutwa, wakatoka baada ya saa tatu usiku jua linapokaribia kuzama. Ndiyo, saa tatu usiku na jua bado lipo. Mwezi Juni huko Madrid linazama karibu saa nne. Mtu mwenye shinikizo la damu asipelekwe kusini mwa Hispania kati ya katikati ya Juni na mwanzo wa Septemba, labda awe na sababu isiyoahirishika.

Pamplona ni mji wa kaskazini na joto lake lina nafuu, lakini sherehe yenyewe, ambayo haihami tarehe zake za 6 hadi 14 Julai, ni msongamano wa watu wenye nguo nyeupe na vitambaa vyekundu shingoni, wanaokunywa usiku na mchana. Mbio zenyewe huanza saa mbili kamili asubuhi, kuanzia tarehe 7, na kwa kawaida huisha kwa dakika mbili au tatu. Umesafiri kutoka Mpunguzi kuja kuona migongo ya watu waliokutangulia kwenye uzio. Buñol ndiyo usiiwaze kabisa: ni Jumatano ya mwisho ya Agosti, tiketi zinauzwa tangu mwaka 2013 kwa sababu mji ni mdogo na watu walizidi, na kurushiana nyanya kunadumu saa moja tu, wakati wewe unatakiwa kuwa shambani.

Mwalimu_Kongwa:

Shikamoo mzee. Naomba nikuelekeze kwenye kalenda kabla ya kipimajoto, kwa sababu mwaka 2027 una jambo ambalo halitokei kila mwaka. Sherehe za Hispania ziko za aina mbili: zile zenye tarehe isiyohama, na zile zinazofuata Pasaka, ambayo nayo hufuata mwezi wa angani. Las Fallas ya Valencia, sherehe ya kuchoma sanamu, ni ya aina ya kwanza. Kilele chake ni tarehe 15 hadi 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Juma Kuu la Sevilla ni la aina ya pili. Mwaka 2027 Pasaka ni tarehe 28 Machi, kwa hiyo Jumapili ya Matawi ni tarehe 21, siku mbili tu baada ya moto wa Valencia kuzimika. Mtu anaweza kuziona zote mbili ndani ya majuma mawili bila kukimbia, kwa kuwa treni ya mwendokasi kutoka Madrid hadi Valencia haifiki saa mbili, na Madrid hadi Sevilla ni kama saa mbili na nusu.

Kuhusu Fallas, fikiria kila mtaa ukitumia sehemu kubwa ya mwaka na fedha nyingi kujenga sanamu, nyingine ndefu kuliko nyumba ya ghorofa, zinazowakejeli wanasiasa na watu mashuhuri, kisha usiku wa tarehe 19 zote zinachomwa moto mbele ya waliozichangia. Vipo vikaragosi viwili vinavyookolewa kwa kura za watu, kimoja kikubwa na kimoja cha watoto, na vingine vinakuwa majivu. Mapokeo yanasema chanzo chake ni maseremala wa zamani waliochoma mabaki ya mbao majira ya baridi yalipokwisha. Ninachotaka umwandalie mama ni mascletà, yaani fataki za mchana zinazolipuliwa saa nane kamili kila siku kuanzia tarehe 1 hadi 19 Machi katika uwanja wa ukumbi wa jiji. Hazipigwi ili zitazamwe, zinapigwa ili zisikike. Mlio unaingia kifuani na kutikisa vioo, na wenyeji hukuambia uache mdomo wazi. Kwa hali yake, msimame mitaa miwili au mitatu nyuma, mtasikia vya kutosha.

Hali ya hewa ya Machi haina joto la kumtesa. Valencia mchana ni nyuzi 19 au 20, usiku ni kama 10. Madrid iko juu na ni baridi zaidi, kwa hiyo mchukue makoti. Ya mitumba pale Sabasaba yanatosha, msinunue mapya. Maombi ya viza ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, nanyi msisubiri hadi zibaki siku kumi na tano kabla ya safari, ambazo ndizo mwisho wa kuomba. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka kule, na bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Vyumba vya Sevilla vya juma lile vishikwe mapema kuliko hata tiketi ya ndege.

Mama_Area_C:

Mwalimu amenena vema, ila hajasema habari ya mvua. Machi na Aprili Sevilla hunyesha, na sanamu za kale zinazobebwa kwenye maandamano ya Juma Kuu haziloweshwi. Chama cha waumini kikiona wingu kinaweza kuahirisha kutoka kwa saa moja au kuacha kabisa. Mwaka 2024 nilikesha barabarani usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, usiku ambao sanamu mashuhuri za Bikira Maria, za Macarena na Triana, hutoka, na mvua ikavifungia ndani vyama vyote vya usiku ule. Niliona wanaume wazima wakilia mlangoni mwa kanisa, mishumaa yao haijawashwa. Kwa hiyo msiende kwa usiku mmoja. Kaeni siku nne, mtabahatika.

Siku ikiwa kavu, angalieni watoto. Wanawakimbilia waandamanaji wenye kofia ndefu zilizochongoka wakiomba nta ya mishumaa idondoshewe kwenye mpira wa karatasi ya foili, na mpira huo hukuzwa mwaka hadi mwaka. Nta inamwagika hadi lami inateleza, na baadaye kila kiatu kinalia mtaani. Mama avae raba.

Hombolo_Mvinyo:

Mimi napingana nanyi kidogo. Mkulima wa zabibu kwenda Hispania akaangalia sanamu zikiungua, akarudi bila kuona mavuno! Mzee, nenda Logroño, katika La Rioja, sherehe ya San Mateo. Tarehe 21 Septemba zabibu za kwanza zinakanyagwa kwa miguu hadharani na juisi yake inatolewa kwa Bikira wa Valvanera. Wao wanavuna mara moja tu kwa mwaka, kwa kuwa mizabibu yao inalala kipindi cha baridi, wakati wa kwetu haulali, tunauamsha kwa kupogoa. Hewa ya huko wakati huo ni kama Juni yetu, mchana jua la wastani, usiku sweta. Msisogeze tu safari hadi Oktoba mkaelekea pwani ya Mediterania, kwa sababu vuli ndiyo msimu wa mvua zake za ghafla. Mafuriko ya Valencia ya tarehe 29 Oktoba 2024 yaliua zaidi ya watu mia mbili.

Mzabibu_Mpunguzi:

Nawashukuru nyote. Ndugu wa Hombolo, umenigusa penyewe, lakini hiyo Septemba unayoisifu ndiyo nitakuwa na makreti yangu kando ya barabara nikingojea mnunuzi, nawe unajua wanunuzi wetu walivyo. Logroño itasubiri siku nitakayokuwa nimemkabidhi kijana shamba.

Nimekaa na mama watoto jana jioni tukapiga hesabu. Nitapogoa majuma mawili mapema kuliko kawaida yangu ili mzigo mkubwa uwe umetoka kabla ya tarehe 10 Machi, na masalia mpwa wangu atayavuna. Tutaingia Madrid tarehe 13, Valencia tarehe 17 hadi 20, kisha Sevilla kuanzia Jumapili ya Matawi hadi Alhamisi Kuu. Mama amekataa kata kata kukaa hadi Pasaka, akisema kwaya ya Wamama haiwezi kuimba bila yeye, nami sikubishana. Binti ameambiwa aanze kutafuta chumba Sevilla. Swali langu la mwisho ni kwa Mama Area C: usiku wa barabarani mlikaa wapi, au mnasimama muda wote? Magoti ya mama watoto hayavumilii kusimama zaidi ya nusu saa.

Mama_Area_C:

Wenyeji hubeba viti vidogo vya kukunja, kaka. Zipo njia wanazovikataza, kwa hiyo mwulizeni polisi wa mtaani kabla ya kukaa. Viti vya kulipia vya njia kuu karibu vyote vina wenyewe wa kila mwaka. Msipoteze muda huko. Chagueni uchochoro mwembamba, sanamu inapokata kona polepole na wabebaji wamejificha chini yake, na mwende saa mbili kabla mpate kizingiti cha mlango cha kukalia.