Nani kawaambia kila asiye na mzuka anafanya mambo "shingo upande"??

Wakuu hili limenikaba kooni muda mrefu, leo naongea. Kuna watu wakiona mtu hana mzuka na kitu, neno lao ni moja tu, shingo upande. Timu imecheza hovyo, "wamecheza shingo upande". Dogo anasinzia darasani, "anasoma shingo upande". Nimekuta mpaka mtu kaandika intaneti leo inafanya kazi shingo upande. Intaneti!! Ina shingo hiyo?

Shingo upande ni mambo ya kuridhia. Umeombwa, umebanwa, umeamriwa, moyo hautaki ila mdomo unasema haya sawa. Ndo maana utalikuta na kukubali, kutoa, kuondoka, kusaini. Kijana kashinikizwa na wazee aoe, kakubali shingo upande, hapo sina neno. Sasa straika anayekimbia mpaka ulimi nje halafu anakosa magoli ya wazi, huyo kalazimishwa na nani? Kiwango kimeshuka, basi.

Na linachafua watu hili neno. Bosi wangu mmoja wa zamani aliniandikia kwenye fomu ya tathmini "anatekeleza majukumu shingo upande", eti kisa kwenye vikao sichekicheki wala sipigi makofi. Kazi imeisha, ripoti imeingia kabla ya muda, lakini anayekuja kuisoma ile fomu anaelewa nini? Kwamba huyu akitumwa hataki. Kama shida yake ni kwamba nimepoa si angeandika nimepoa.

Maneno yamejaa jamani. Mradi unasogea kidogo unakwama, unasogea tena unakwama, huo unasuasua. Anayefanya ilimradi aonekane kafanya, huyo ni bora liende. Aliyefanya huku kaweka jambo moyoni ana kinyongo. Asiye huku wala kule ni vuguvugu, na wasomaji wa Biblia wanalijua vizuri maana kwenye Ufunuo 3:16 kanisa la Laodikia linaambiwa litatapikwa kwa hilo hilo, si baridi si moto. (Ingawa vuguvugu nalo limepinduliwa, ukisikia "vuguvugu la mageuzi" ujue watu wamechemka kweli kweli, hakuna cha uvuguvugu pale. Hilo nitalifungulia uzi wake, nikianza hapa hatulali.)

Halafu msiniletee ile hoja ya "lugha inakua mkuu". Ikue, nani kakataza? Ila nyie mnachukua maneno manne matano yenye kazi tofauti mnayafukia chini ya moja, alafu mnaita kukua.

Mwenye mfano wa shingo upande iliyokaa sawa bila kuwa na mtu aliyekubali kitu asichokitaka, aulete tuuchambue. Wa matusi bakini nayo.