MREJESHO: Umbali wenye nishati ndogo kabisa kati ya atomi mbili

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza namna ya kupata umbali r ambao nishati tuli kati ya atomi mbili inafika chini kabisa, kwa fomula ya Lennard-Jones: U = 4ε[(σ/r)¹² − (σ/r)⁶], ambapo U ni hiyo nishati, na ε (nishati) na σ (umbali) ni namba maalumu za kila aina ya atomi. Limekaa sawa.

Derivativi kwa r (kasi ya U kubadilika r inapobadilika), ikiwekwa sawa na sifuri, inatoa −48εσ¹²/r¹³ + 24εσ⁶/r⁷ = 0. Zidisha kote kwa r¹³, gawanya kwa 24εσ⁶, na vurugu lote linabaki r⁶ = 2σ⁶. Yaani r ni σ mara kipeuo cha sita cha 2, takriban 1.122σ. Kwa argoni, ambayo σ yake ni kama nanomita 0.34, inakuja 0.38 hivi.

Ila aliyesema niweke x = (σ/r)⁶ ndiye kanimaliza! Fomula inageuka 4ε(x² − x), hesabu ya kidato tu: chini ni x = ½, na U = −ε papo hapo. Kumbe ε ndiyo kina cha shimo lenyewe kwenye grafu ya U.

Kani nayo ni derivativi hiyohiyo ikigeuzwa ishara, kwa hiyo hapo atomi hazivutani wala hazisukumani. Zikisogea karibu zaidi zinasukumana, zikiachana zinavutana.

Sasa nahamia kwenye mtetemo wa atomi kuzunguka umbali huo. Derivativi ya pili kwenye r hiyohiyo nimepata takriban 57.1ε/σ², chanya, kwa hiyo ni bonde kweli. Mwenye kalamu karibu anihakikishie.