Ayutthaya na Bang Pa-In: je, inafaa kulala usiku mmoja?

Mama Naila (Dar es Salaam)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima. Mwezi wa Januari nitakuwa Bangkok kununua nguo za duka langu katika soko la Pratunam, na safari hii nakwenda na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 67, ambaye tangu ujana wake hupenda magofu. Kilwa Kisiwani amekwisha kwenda mara tatu. Baada ya ununuzi nitabakiwa na siku mbili. Ningependa akaone mahekalu ya kale na kasri la wafalme kule Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa Thailand, lakini mawakala niliowauliza wananipa ziara ya siku moja kwa basi. Je, kuna faida ya kulala huko? Mama anaumwa magoti, nami sitaki abaki ndani ya basi akitusubiri.

Msafiri wa Tanga

Dada, laleni huko. Mara yangu ya kwanza nilikwenda kwa basi, tukapewa nusu saa katika kila hekalu, jua likiwa la utosi. Magofu yale ni matofali yasiyo na paa na vivuli ni vichache, kwa hiyo saa zake njema ni asubuhi na jioni, nazo ndizo saa ambazo mgeni wa basi yuko njiani.

Pandeni treni ya asubuhi kutoka Bangkok, mshuke stesheni ya Bang Pa-In, iliyo kabla ya Ayutthaya. Kasri la hapo lina bustani kubwa, ila vipo vigari vya umeme vya kukodi, na hivyo vitamwokoa mama. Mwonyesheni banda la Aisawan Thiphya-Art, lililojengwa mwaka 1876 katikati ya bwawa, lenye paa za ngazi ngazi zinazoonekana majini kama katika kioo. Vaeni nguo zinazofunika mabega na magoti, na msichelewe, kwa kuwa kasri hufungwa alasiri.

Kutoka hapo hadi Ayutthaya ni kama kilomita 20. Jioni kodini boti, kwa kuwa mji wa kale ni kisiwa kilichozungukwa na mito mitatu, Chao Phraya, Pa Sak na Lopburi, kisha mshukie Wat Chaiwatthanaram, hekalu lililojengwa na mfalme Prasat Thong mwaka 1630. Nilikuta safu ya sanamu za Buddha zisizo na vichwa, zimeketi kandokando ya ukuta, na mojawapo ilikuwa imevishwa kitambaa kipya cha manjano. Nilipogusa matofali, jua likiwa limekwisha kuzama, yalikuwa bado na joto.

Mwalimu Mstaafu (Mombasa)

Naongeza jambo ambalo mama asipoambiwa mapema huenda akasikitika. Majengo ya Bang Pa-In yanayoonekana leo ni ya karne ya 19, hasa ya enzi ya mfalme Chulalongkorn. Kasri la wafalme wa Ayutthaya wenyewe limebaki misingi tu. Mji ule ulioasisiwa mwaka 1350 ulichomwa na jeshi la Burma mwaka 1767, na Bangkok ilipoanza kujengwa mwaka 1782, matofali mengi ya mji wa zamani yalipakiwa majahazini yakaenda kujenga mji mpya. Aliyepata kusimama kwenye magofu ya kasri la Husuni Kubwa, kule Kilwa, anajua namna ya kutazama mahali kama hapo.

Mpelekeni Wat Phra Si Sanphet, lililokuwa hekalu la ndani ya uwanja wa kasri. Chedi zake tatu, yaani minara ya Kibuddha yenye ncha, zilihifadhi majivu ya wafalme, na hapo ndipo iliposimama sanamu ya Buddha ya mita 16 iliyofunikwa dhahabu, hadi moto ulipoiangamiza. Ardhi ni tambarare. Wat Ratchaburana, la mwaka 1424, lina ngazi kali za kushukia chumba cha hazina. Mama asizijaribu, kwani dhahabu iliyopatikana humo mwaka 1957 iko katika makumbusho ya Chao Sam Phraya, papo hapo mjini. Wat Mahathat, penye kichwa cha Buddha kilichokumbatiwa na mizizi ya mti, anayepiga picha karibu nacho hutakiwa kuchutama asikizidi kimo. Mama atazame kwa mbali kidogo.

Binti Pemba

Kuhusu chakula msiwe na wasiwasi. Waislamu wako Ayutthaya tangu zamani. Sheikh Ahmad kutoka Qom, mji wa Uajemi, alitumikia wafalme wa huko katika karne ya 17. Ulizeni roti sai mai: ni chapati nyembamba sana, huwekwa nyuzi laini za sukari, ikakunjwa. Wauzaji wengi ni akina mama wa Kiislamu. Bajaji hukodishwa kwa saa; patanisheni bei kabla ya kupanda.

Mama Naila (Dar es Salaam)

Nawashukuru sana. Nimemsomea mama majibu yote. Tutalala, na ameniomba asubuhi nzima ya siku ya pili aachwe Wat Phra Si Sanphet, hata kama mimi nitakwenda kwingine.