Pac-Man imeongezwa kasi, ama ni vidole vyangu vimezeeka?

MamaNimo_58 (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Nina swali ambalo mume wangu amelicheka, kwa hivyo nalileta kwa watu wazima.

Nililelewa Bondeni. Mwaka wa 1998 jirani yetu alikuwa na TV gemu, ile ya kaseti ya njano iliyoandikwa kwamba ina mamia ya gemu, ukihesabu unapata kama kumi na mbili zinazojirudia kwa majina mapya. Tulilipa bob tatu, unacheza mpaka ufe mara tatu. Wavulana walikimbilia ile ya vifaru. Mimi nilikaa na Pac-Man, ile ya yule wa njano anayekula vitone vichochoroni huku mizimu ikimfukuza, na sisemi kwa kujisifu, lakini kuna watu walikuwa wanakuja kunitazama. Bob tatu yangu ilikuwa inafika mpaka mwenye nyumba adai TV yake ya habari ya saa moja.

Mwezi uliopita nikanunua kale kakijiti ka kuchomeka nyuma ya TV, kanakuja na pedi mbili za kuchezea, zisizo na waya. Ndani mna Pac-Man mbili. Moja ni ileile ya utotoni, yenye alama upande wa kulia. Nyingine ni ya mashine yenyewe ya sarafu, ile kubwa ya kutumbukiza hela ndipo ucheze, imesimama wima katikati ya skrini, giza huku na huku. Nikamwambia kijana wangu wa miaka 11, keti hapa uone kazi. Aibu niliyoipata! Sikumaliza raundi ya pili. Majini (sisi tuliwaita majini) wanakimbia kama wamefukuzwa na askari wa kanjo, na nikitaka kupanda juu, yule wa njano anaenda kushoto. Kijana akaniangalia tu. Afadhali angecheka.

Je, gemu imebadilishwa? Ama ni pedi? Ama niseme ukweli, ni mimi? Na kama ni pedi, ninunue gani? Sitaki kuambiwa nicheze kwa simu. Kidole kinafunika jini.

Wa_Lurambi (Kakamega)

Pole mama. Kwangu ilianza hivyohivyo, halafu miwani.

FundiKibuye (Kisumu)

Mama Nimo, usimsikize huyo wa juu. Kasi imeongezeka kweli, na aliyeongeza si jini, ni TV.

TV zetu zile zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde. TV gemu za kwetu ziliigwa kutoka Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya Japani, na Japani ni picha 60. Pac-Man yako ya utotoni Namco, kampuni yenye gemu hiyo, waliitoa kwa ajili ya Famicom mwaka wa 1984, nayo inahesabu mambo yake kwa picha: picha ikibadilika, jini anasogea. Walioiga mashine wakaweka chipu za kutoa picha 50 ili TV zetu zikubali, lakini gemu iliyo ndani ya kaseti hakuna aliyeigusa. Safari ya sekunde 10 kule Japani, Bondeni ilikuwa sekunde 12. Hukuligundua kwa sababu majini nao walikuwa wanakokota vilevile, mpaka wimbo wa mwanzo. Uliyepata faida ni wewe, kidole chako kilikuwa na muda wa kufikiri. Ulijifunzia kwa murram, sasa umewekewa lami.

Kijiti chako kinatoa 60. Ingia kwenye mipangilio, tafuta palipoandikwa NTSC, huo ndio mfumo wa picha 60. Kukiwa na Dendy, chagua hiyo. Dendy ni TV gemu ya kuigwa iliyouzwa sana Urusi miaka ya 1990, na tabia yake ndiyo hiyohiyo ya zetu. Kama haipo, chagua PAL. Hii ni kwa ile ya utotoni tu. Ile ya sarafu usiiguse, ndivyo ilivyozaliwa.

Sasa pedi, na hapa ndipo penye ugonjwa.

Mashine ya sarafu ya 1980 haina kitufe cha kupiga. Kuna fimbo moja na vitufe vya kuanzisha, basi. Na ile fimbo inaenda njia nne peke yake, kwa sababu chini yake kuna kizuizi kinachoikataza kulala mshazari. Ukiisukuma kuelekea pembe inateleza, inaangukia juu au inaangukia kushoto, haikai katikati. Pedi haina adabu hiyo. Ni msalaba wa plastiki unaoyumba juu ya kitovu, chini yake raba nne. Ukiviringisha kidole gumba kutoka kushoto kwenda juu, kuna mahali katikati raba mbili zimegusa pamoja. Umesema "juu na kushoto" kwa mpigo mmoja. Gemu isiyojua mshazari itachagua moja, na si lazima iwe yako.

Juzi nimefungua pedi ya mteja aliyelalamika kama wewe. Skrubu tano, kifuniko kikatoka na vumbi la biskuti. Kile kitovu cha katikati, kilichotakiwa kuchongoka kama ncha ya penseli, kilikuwa kimelika kikawa kama kitufe cha shati. Msalaba ukikosa kitovu hauyumbi, unazama wote mzima. Nikiukandamiza katikati, raba zote nne zinagusa bodi kwa pamoja. Nikasafisha kaboni kwa spiriti, nikakata kipande cha mrija wa peni ya Bic nikakipachika pale kwenye kitovu. Alirudi jioni kunisalimia tu, hakuwa na shida nyingine.

Kwenye ile ya sarafu jambo hili linauma zaidi. Pale kona ni mali: ukisukuma fimbo kabla hujafika katikati ya njia panda, Pac-Man anaikata kona na kuchuma hatua kadhaa. Majini hawana ruhusa hiyo. Na akiwa anakula vitone mwendo wake unapungua, wanamkaribia, kwa hivyo kona ndizo za kumwokoa. Ukichelewa kugeuka, au ukageuka kwa mshazari ukapotea, umetupa silaha ya pekee uliyopewa bure. Ongeza pedi isiyo na waya, ongeza TV ya flati inayoipamba picha kwanza kabla ya kukuonyesha, unaona vile unavyoliwa. Kwenye TV yako tafuta modi ya gemu, inapunguza huko kuchelewa.

Ukitaka kununua, nunua fimbo wala si pedi, ya waya, na uulize kama kibao cha chini kinageuka kutoka njia nane kuwa njia nne. Nyingi zinageuka, ila muuzaji mwenyewe hajui. Kwa sasa jizoeze kuinua kidole na kukitua upya kila kona, usikiviringishe.

MwalimuMstaafu (Bungoma)

Fundi umeeleza vizuri, lakini umewaanzisha watu 1984 kana kwamba hakukuwa na dunia kabla.

Mjomba wangu alirudi kutoka Uingereza na TV gemu ya Atari 2600. Tuliichomeka sebuleni, picha ikaja bila sauti, tukacheza hivyohivyo kama mabubu. Pac-Man ya humo ni ya mwaka wa 1982, iliandikwa na mtu mmoja, Tod Frye, kwenye kaseti ya kilobaiti 4, na mashine yenyewe ina kumbukumbu ya baiti 128. Aya hii ninayoandika haienei humo. Ndiyo maana majini walikuwa wanapepesa kama taa ya mafuta ikiishiwa: mashine ilikuwa inawachora kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Vitone vilikuwa vistari. Njia ya kutokea ilikuwa juu na chini badala ya kando. Watu Marekani waliisema vibaya sana, na mimi sikatai.

Lakini fimbo yake nyeusi, Fundi, yenye kitufe kimoja chekundu, hiyo nayo ilikuwa ya njia nane na sikumbuki kupotea kona. Ilikuwa ngumu, inauma kiganja, na ukifika mwisho unahisi imefika. Mwaka uleule Atari wakatoa 5200, Pac-Man yake nzuri kuliko hii mara kumi, halafu wakaipa fimbo isiyorudi katikati ukiiachilia. Hebu fikiria. Mimi naona picha mbaya na fimbo ya kueleweka ni bora.

FundiKibuye

Mwalimu, heshima yako. Hukupotea kona kwa sababu kwa ile fimbo unatumia mkono mzima, si kidole gumba. Ila shikamoo kwa 128.

MamaNimo_58

Narudisha majibu. Dendy ilikuwepo, kwenye ukurasa wa tatu wa mipangilio. Nikaichagua, wimbo wa mwanzo ukaanza kujikokota, na jamani, mikono ilijua yenyewe. Nimefika kwenye tofaa. Nimemwita mume wangu aje kuona, akasema ugali unaungua, na kweli ulikuwa unaungua.

Shida mpya: kijana amegundua. Anasema nimewapunguzia majini kasi na hiyo ni kuiba. Nikamweleza habari ya PAL, ya Japani, ya murram na lami, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Sawa, lakini turudishe 60." Tumekubaliana Jumamosi tunacheza ile ya sarafu, mimi na fimbo, yeye na pedi yake.

Fundi, fimbo ya kibao kinachogeuka utanipatia kwa ngapi, ukinitumia kwa matatu ya Nakuru kabla ya Ijumaa?

Wa_Lurambi

Na miwani je?